Jina Alilolitaja Helen

...na jina la mtoto, anauliza katekista Ombui, "Nico, jina ya mtoto ni gani? Padre ameshafika, watu wako kwa laini," kalamu ameishika juu ya kitabu cha ubatizo, na jibu ninalo tangu jana, Benyamini, silabi nne tu na mambo yaishe, mbona ulimi umekauka hivi, mama yangu amembeba mtoto mgongoni na anamtikisatikisa, mtoto analia, miezi mitatu analia, mama amemwitia wafu wote wa ukoo wetu mmoja mmoja, ndiyo desturi, mtoto akilia hivi kuna marehemu anayetaka jina lake lirudi nyumbani, akamwita babu, akamwita shangazi aliyezama ziwani, wapi, na jina moja sijamruhusu kulijaribu, Benoni, ndilo alilotaja mke wangu Helen kwenye kitanda cha zahanati kule kwao Karungu, damu imekataa kukoma, akanishika kidole, si mkono, kidole, akasema aitwe Benoni, nikasema sawa, nilijua nini mimi, mtu wa mashimo ya dhahabu ya Osiri, nilidhani ni mtakatifu fulani, yeye ndiye aliyelelewa na Maandiko asubuhi na jioni, hakutaja jina ovyo... "Hiyo jina achana nayo," Ombui aliniambia jana kwenye mafundisho ya wazazi, "maana yake ni mwana wa uchungu wangu, Raheli alisema hivyo akikata roho, lakini Yakobo akabadilisha hapo hapo, Benyamini, mwana wa mkono wa kuume, na hautasikia mtoto akiitwa Benoni tena mahali popote, imeisha, wewe fanya kama Yakobo," na nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kama mtu aliyefunguliwa kamba, nikauliza tu, basi tu kuuliza, uchungu gani, ni kuzaa tu? na Ombui akasema haraka haraka, akikunja miwani, ni kuzaa, ingawa kuna ile habari ya nyuma, Raheli aliiba vinyago vya babake akavificha, na Yakobo kwa kutojua akaapa kwamba atakayepatikana navyo asiishi... jasho lilinitoka pale pale, linanitoka sasa, kwa sababu chembe yangu ya dhahabu ilipopotea mwezi wa tano, chembe kama punje ya mtama niliyoiweka kwenye kichupa cha dawa ya macho, nilimshuku Elvis tuliyechimba naye shimo moja, nikachota udongo wa mdomo wa shimo, nikaulamba mbele ya wote kama wachimbaji tunavyoapa, nikasema aliyeichukua mwaka huu usiishe akiwa hai, na Helen alikuwepo, tumbo lake la miezi saba, anatugawia uji, uji ukamwagika kidogo kwenye kikombe cha Elvis, nikamgombeza, nikamgombeza kwa uji! na wanawake waliomwosha walinikabidhi leso yake yenye fundo, wakasema mkeo alikuwa na akiba, nikafungua peke yangu, karatasi ya dawa, na ndani yake punje ile... alitaka kujifungulia hospitali Homa Bay, aliniomba, mara mbili aliniomba, nikamwambia hospitali ni ya wagonjwa, mama yangu alizaa tisa jikoni, kwa hiyo akaichukua alipie hospitali, halafu nikaapa, halafu akaogopa hata kuiuza, akaenda kwao nayo akiwa amejua anakwenda kufa, na sasa ananijia ndotoni, anafunga lile fundo na kulifungua, "Sema, wuoda," mama anasema, sema mwanangu, Ombui anakohoa, mtoto analia, ni rahisi, Benyamini, mkono wa kuume, mkono upi, huu uliochota udongo? Yakobo naye alijua, lazima alijua, alisikia mwana wa uchungu wangu akaelewa uchungu huo unatoka kwa nani, ndiyo maana akabadilisha upesi hivyo, hakumwonea mtoto huruma, alijionea mwenyewe, asije akaita kiapo chake kila siku mtoto akiitwa kula, na mimi nilikuwa nakuja hapa na shati la kupigwa pasi kufanya vivyo hivyo, kumnyang'anya Helen neno la mwisho, baada ya kumnyima hospitali nimnyime na neno... naogopa, sitaki kusema siogopi, mama atapiga kelele, Ombui atavua miwani, kalamu bado iko pale pale juu ya mstari mtupu, mtoto bado analia na huenda hatanyamaza, nitasema Benoni, na siku akikua akaniuliza uchungu wa mama ulikuwa nini, nitamwambia ulikuwa mimi.