Refa wa Sare

Mwalimu Ndwiga wa Kianjokoma, Embu, aliitwa aje kuchezesha mpira Nchiru kwa sababu moja tu: hakuwa wa huku wala wa kule. Kambi ya michezo ya amani ilikuwa imekusanya wasichana wa Kimeru kutoka mashamba ya juu na wasichana wa wafugaji, Waborana na Wasomali, kutoka nyanda za chini. Wazazi wao hawakuwa wamesalimiana vizuri tangu ng'ombe wa hawa waingie kwenye mahindi ya wale. Basi akatafutwa Mwembu. Nani angesema ana upande?

"Mwaka jana fainali iliisha kwa mawe," Madam Lorna, mkuu wa kambi, alimwambia asubuhi ya fainali. "Chifu amesema likirushwa jiwe moja tu leo, kambi inafungwa na hairudi tena. Kwa hivyo, Mwalimu, naomba sare."

"Sare?"

"Mechi iishe sare. Utajua mwenyewe vile utafanya."

Haki ya Mungu, Ndwiga hakuwa mtu wa kuiba mechi. Kwao alishawahi kumpa binti yake mwenyewe kadi nyekundu, nyumba nzima ikamnunia. Lakini alikuwa ameishi na wasichana hawa wiki nzima, akawaona wakianza kukopeshana mafuta ya kujipaka na kucheka usiku hadi wakakaripiwa. Moyo ulimuuma kufikiria warudishwe nyumbani wakachukiane upya. Akakubali.

Basi vituko vikaanza. Dhahabo, kapteni wa timu ya wafugaji, msichana mwenye mbio za kutisha, alifunga bao mapema. Ndwiga akapuliza kipenga. Limekataliwa!

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Kipa alikuwa anapiga chafya."

Dhahabo akafunga la pili. Limekataliwa pia, ati nyasi zimelala vibaya. Gatakaa, kapteni wa Wameru, akapiga shuti safi hata Ndwiga nusura apige makofi, kisha akalikataa bao hilo kwa sababu mpira ulipigwa kwa hasira. Akawapa wafugaji penalti kwa kuwa beki mmoja alikuwa na macho mabaya. Ikaingia. Sasa ilibidi asawazishe, akawapa Wameru yao. Gatakaa akaipaisha juu ya lango. Irudiwe! Akaipaisha tena. Irudiwe! Safari hii Ndwiga alimshika kipa mkono kwa upole, akamsogeza kando, akisema jua litamwumiza macho. Ikaingia. Sare, moja kwa moja.

Gatakaa hakushangilia. Aliokota mpira wavuni, akamwendea Dhahabo, wakanong'onezana. Kisha wakamgeukia refa, na nyuma yao zikaja timu zote mbili, jezi za kijani na za njano zimechanganyika. Ndwiga aliwatazama nyuso akaona hapa hakuna mazungumzo. Alitimua mbio, kitambi mbele, soksi zimeshuka, hadi kwenye choo cha shimo nyuma ya jiko. Akajifungia.

"Toka, mwizi!"

"Refa gani huyu, jameni!"

Humo ndani na nzi wake, Ndwiga aliogopa kitu kimoja: mawe. Alitega sikio mlangoni. Hakusikia jiwe, alisikia mkutano. Apelekwe kwa Chifu au arudishwe Embu? Walibishana kidogo, wakapiga kura.

"Mwalimu, toka tu, hatutakugusa," Gatakaa aliita. "Tumekufuta kazi."

"Mmekubaliana wote?"

"Wote," Dhahabo akajibu.

"Hata mmoja hajanitetea?"

"Samsam wetu alitaka. Akaona aibu."

Hiyo ilimchoma, lakini akatoka.

Mechi ikaanza upya bila refa, wakizomeana wenyewe kila faulo. Ndwiga aliketi juu ya kreti ya soda nyuma ya lango, roho mkononi, kwa maana leo kungekuwa na mshindi. Na kweli, Wameru walishinda, mabao matano kwa mawili. Madam Lorna akafumba macho. Dhahabo, machozi yakimtiririka, alikunja ngumi akakata uwanja kwa hatua ndefu, akampita Gatakaa, akaja kusimama mbele ya Ndwiga.

"Ni wewe! Ungetupa yale mabao yetu mapema, hatungekata tamaa!"

"Kweli kabisa," Gatakaa akasema akihema, akasimama kando yake. "Yalikuwa mabao safi, mimi niliyaona. Aliwaibia."

"Na wewe akakuibia!"

"Na mimi akaniibia!"

Baba yake Gatakaa na mzee Ogle, baba yake Samsam, waliokuwa wamekaa pembe tofauti makusudi, nao wakafika pamoja wakiuliza huyu bwana alisomea urefa wapi. Mmoja akianza kumlaumu, mwenzake anamalizia.

Ndwiga aliinamisha kichwa wasimwone akitabasamu. Alikiri kila kosa walilomtajia, na walipoishiwa, akawaongezea mengine.