Kadi za Vipimo

Fundi Chaki alikuwa ameshika mkasi miaka ishirini bila kuharibu kitambaa cha mtu, na hakuona haya kujisifu. Kwa hiyo Bi Kola alipompigia simu akilia, alidhani kuna msiba.

"Mwalimu, gauni halimwingii mteja! Linagoma mabegani."

Bi Kola alikuwa mmoja wa wanafunzi wake wa mbali, waliojifunza kushona kwa kutazama masomo ya video kwenye tovuti aliyotengenezewa na shemeji yake. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu kola ya shati ilimtesa miezi miwili. Sasa alikuwa amepata mteja wa kwanza maishani mwake, na kitambaa chenyewe ndicho hicho kimeharibika. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Uliacha nafasi ya mshono, ile ziada ya kitambaa pembeni?"

"Nafasi ipi, Mwalimu? Kwenye somo hukuitaja."

Fundi Chaki akalifungua somo. Kweli, haikuwemo, na aliyeiondoa ni yeye mwenyewe. Kwa wiki kadhaa wanafunzi walilalamika kwamba masomo yanakwama, kiduara kinazunguka tu, na kati ya kumi na wanne, watano walikuwa wameshakata tamaa wakaacha. Yeye akadhani video zake ni nzito. Akawa anazipunguza, leo dakika moja, kesho mbili, mpaka akapunguza na kisichopunguzwa. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

Shemeji yake alikuja na kompyuta. Alilichukua somo lile, zima zima, akaliweka kwenye ukurasa wa video wa kampuni ya simu. Likatiririka kama maji. Wakalifungua kwenye tovuti yao. Kiduara.

"Simu ile ile, bando lile lile," Fundi Chaki alisema. "Mbona kule linakimbia na huku linatambaa?"

"Kampuni imefungua njia ya haraka, Shemeji. Tovuti zake na zile zinazoilipa zinapita kwanza. Sisi wengine tusubiri. Ndiyo hivyo, mwenye nguvu mpishe."

"Nimpishe wapi? Bando kanunua Bi Kola kwa jasho lake. Alitumie kutazama nini, hiyo ni shauri yake, si ya kampuni!"

Hasira za Fundi Chaki hazivunji vyombo, hushika futi. Alitoa kadi tupu za vipimo, zile za kuandikia shingo, bega na kiuno cha mteja, akawatumia wanafunzi tisa waliobaki picha ya kadi moja, wachore za kwao. Penye shingo waandike somo limesubiri sekunde ngapi asubuhi, penye bega mchana, penye kiuno jioni. Nyuma ya kadi, somo hilo hilo likiwa kwenye ukurasa wa kampuni. Haba na haba, zikamfikia kwa basi kadi mia na kumi. Bi Kola peke yake alijaza ishirini na moja.

Mamlaka ya mawasiliano ilipoitisha kikao cha wananchi, Fundi Chaki alikwenda nazo kwenye mfuko wa nguo. Ofisa wa kampuni alieleza kwa upole kwamba hakuna tovuti iliyofungwa.

"Mwanangu, shati lako limekukaa vizuri," Fundi Chaki alimwambia. "Fundi wako angekubana mkono mmoja mpaka umwongeze hela, ungelivaa? Na angekwambia hajakunyima shati."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, akamwaga kadi mezani. Mbele sekunde arobaini, nyuma mbili. Mwenyekiti alizigeuza moja moja, kisha akaomba abaki nazo.

Baada ya wiki tatu amri ikatoka: uchunguzi ukiendelea, kampuni isipendelee tovuti yoyote. Shemeji yake alimtahadharisha kwamba amri ni ya muda, na kampuni ina mawakili.

"Na mimi kadi tupu bado ninazo," akajibu.

Alikuwa ameshalirekodi somo upya, lote, na kumtumia Bi Kola kitambaa kingine kutoka kabati lake. Jumamosi asubuhi simu ya video ikaita. Bi Kola alikuwa amesimama na mteja wake, na safari hii gauni limepita mabegani.

"Nimeacha upana wa kidole kizima, Mwalimu! Kama ulivyosema."

Machozi yalimlenga Fundi Chaki, lakini kazi ni kazi.

"Mwambie ageuke, niuone mgongo."

Mteja akageuka, na picha ikageuka naye bila kukwama.