Hapaumi

Baba yangu haumwi. Muulize yeyote mtaani kwetu atakuambia hivyo, na wengine hata jina lake la kweli hawalijui, wanamwita Chuma. Ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na cheche zikimwingia kwenye kiatu humaliza kwanza kazi yake ndipo akavua. Sisi wanawe tulikua tukiringia jambo hilo. Ukijikwaa ukalia, mama alikuambia, "Mtazame baba yako." Tukamtazama. Miaka yote hiyo tulimtazama na hatukuona kitu.

Safari ya kuwinda ilikuwa hamu yake mwenyewe. Kibali kilipotoka tu, akaanza kuisafisha bunduki yake kila jioni. Mama huiita mke mwenzake. "Anampangusa, anampaka mafuta, anamlaza kwenye kitambaa," husema. "Mimi nikiumwa mgongo naambiwa nikajipake mwenyewe." Kaka zangu kila mmoja alikuja na kisingizio chake, kimoja kikishinda kingine kwa uongo. Ndipo mama akanifuata karakana, ninakoshona makochi, akasimama mlangoni bila hata kukaa.

"Nenda naye wewe," akasema. "Siku hizi anatembea vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Kama mtu anayekanyaga godoro."

Nikacheka, maana sisi magodoro ndiyo kazi yetu. Shazia niliyokuwa nashonea, ile sindano ndefu ya kupenya turubai na sifongo, nikaichomeka kwenye ukosi wa koti kama nilivyozoea, nikaenda kufunga mizigo.

Tulilala mlimani ndani ya pikapu yake. Usiku mvua ikanyesha, asubuhi kuni zote zikawa zimelowa. Sasa, pikapu ile breki yake ya mkono ilikufa zamani, na baba, badala ya kuitengeneza, alichonga kabari ya mti mgumu akaifunga kamba, kila akiegesha anaitia nyuma ya tairi. Ndicho kitu pekee kilichokuwa kikavu mlima mzima. Nikamwona anaipasua kwa panga.

"Baba, hiyo si kabari?"

"Kuni ni kuni," akasema. "Mlima wote huu miti, tutakosa kabari?"

Chai ikachemka. Akanyoosha miguu motoni, akawa ananisimulia alivyomkosa nyati ujanani. Mara nikaona soli ya kiatu chake inatoa moshi.

"Baba, kiatu kinaungua!"

Akakitazama kile kiatu kama vile ni cha jirani, halafu akakivuta polepole. "Chuma hakiungui," akasema akicheka, na mimi nikacheka naye. Mungu anisamehe, nilicheka sana. Mle garini kulikuwa pia na harufu tangu jana yake, harufu ya kitu kilichovunda. Nikasingizia turubai la kufunikia mizigo.

Kabla ya mchana akampiga mbawala kwa risasi moja. Tukampakia nyuma, tukaanza safari ya kurudi, baba akiimba. Kibanda cha askari wa msitu, ambako tuliandikishwa, tulikiacha chini ng'ambo ya miti. Sisi njia yetu ilipanda kwanza hadi kwenye kigongo, ndipo iteremke upande wa nyumbani. Ni barabara ya gari moja, imechongwa ubavuni mwa mlima. Kulia ukuta wa udongo, kushoto nyasi, na kila kona nyuma yake korongo.

Karibu na juu injini ikaunguruma lakini gari halikwenda. Harufu ya kuungua ikajaa.

"Klachi," baba akasema. "Imekwisha." Akabadili gia, akabadili tena. Gia zilikuwa zinaingia lakini hazishiki kitu.

Tukaanza kurudi nyuma. Alipoikanyaga breki, gari likateleza, likajigonga kwenye ukuta wa udongo upande wake, likasimama. Mlango wake ukawa umebanwa pale, haufunguki hata kwa kupenyeza mkono. Nikashuka upande wangu nikatazama nyuma. Kutoka tairi hadi ukingo wa korongo palikuwa pa kulaza mtu mmoja, labda na mwanawe.

Nilitafuta jiwe. Palikuwa na udongo mwekundu, nyasi, na vijiwe vya kutupia ndege. Miti yote ile tuliyojisifia ilikuwa chini kule, kwa mwendo wa kukimbia. Simu haikuwa na mtandao tangu jana.

"Baba, kanyaga hivyo hivyo. Nakimbia kutafuta gogo."

"Nenda, mama," akasema, maana mimi bintiye huniita hivyo. "Nimekanyaga."

Sikufika mbali. Nikasikia tope linasagika nyuma yangu, nikageuka, nikaona gari linarudi nyuma polepole.

"Baba, kanyaga!"

"Si nimekanyaga!"

Nikarudi mbio mpaka mlangoni kwangu. Baba alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, meno ameyauma, mishipa ya shingo imemtoka. Na mguu wake ulikuwa pembeni ya pedeli. Alikuwa anakanyaga sakafu kwa nguvu zake zote.

"Mguu! Mguu hauko kwenye breki!"

Akainama akatazama. Akaushika mguu wake kwa suruali, akaunyanyua kwa mkono kama anavyonyanyua kipande cha nondo, akauweka juu ya pedeli, akausukuma kwa goti. Gari likasimama. Nyuma nikasikia udongo unamomonyoka chini ya tairi na kudondoka, na sikusikia unapofikia.

Nikapanda, nikapiga magoti pale sakafuni mbele ya siti, nikashika kiatu chake kwa mikono yangu. Kila alipoinama kujitazama, paja lililegea na pedeli ikapanda. Ilibidi mtu akae pale amshikie, na watu tulikuwa wawili tu.

"Baba, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Nakuchoma kidogo na sindano. Sema ukisikia."

Kwa mkono mmoja nikachomoa shazia kwenye ukosi. Nikapandisha suruali, nikaichoma juu ya kiatu, kwenye nyama ya mguu. Ikaingia. Nikaisukuma zaidi. Baba alikuwa anatazama kwenye kioo, anapima ukingo.

"Choma basi," akasema. "Mbona unanichelewesha?"

Niliichomoa nikaificha ndani ya ukosi wa blauzi. Sijui kwa nini niliificha. Hofu iliyonishika haikuwa ya korongo.

"Sogea," nikamwambia. "Nikanyage mimi, wewe upite huku utoke."

"Halafu wewe utatokaje?"

"Nitaruka."

"Waliokufa na magari wote walisema wataruka." Akatikisa kichwa. "Sikiliza, mama. Mimi nimeshakula chumvi nyingi. Shuka. Teremka mpaka kwa askari, waje. Usikae hapa ukatazama."

"Nikiondoa mkono wangu, gari linaondoka."

"Najua. Ndiyo maana nasema usitazame."

Hapo nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu, achilia mbali mzazi. Nilimfokea baba yangu. Nilimwambia, "Chuma gani wewe! Chuma hujui hata mguu wako ulipo! Umetuficha, umeshika usukani hujui unakanyaga nini, mama ameuona mpaka mwendo wako, na wewe unaimba!" Nililia na kufoka kwa pamoja, kamasi zinanitoka, na mikono sikuiachia.

Akangoja mpaka nikamaliza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Naanguka bafuni. Nilidhani ni uzee."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mtu anakwenda hospitali kuwaambia hapaumi?"

Nikainua macho nisimtazame usoni, na ndipo nikaiona bunduki. Ilikuwa imelala nyuma ya siti kwenye kitambaa chake.

"Baba, ina urefu gani?"

Akaelewa mara moja, maana kuunga chuma na kukipima kwa jicho ndiyo kazi yake. "Hapana," akasema. "Bunduki si gogo."

"Na gogo tumelinywea chai."

Alifumba macho. Nilimwona anamuaga yule mke mwenza wa mama. Halafu akanyoosha mkono nyuma, akaileta mapajani, akatoa risasi moja moja akazitia mfukoni mwangu, akachungulia ndani, akachungulia tena. Hata pale, hata katika hali ile, hakutaka kuniachia bunduki yenye risasi. "Kitako kwenye pedeli," akasema. "Mtutu uende kwenye egemeo la siti, kwa mshazari. Ibane mpaka ilie."

Nikaweka kitako juu ya pedeli, kando ya kiatu chake. Mtutu ukafika kwenye egemeo upande wangu, ukabaki mlegevu kidogo. Nikavua koti nikalikunja nikalishindilia nyuma yake, kama ninavyojaza kona ya kochi, mpaka ikabana. Ikalia kweli.

"Sasa vuta mguu, baba. Polepole."

"Nimeuvuta?"

"Bado."

"Sasa?"

"Bado, baba. Umevuta ule mwingine."

Kiatu kilikuwa kimenasa kati ya kitako na pedeli. Nikafungua kamba kwa meno. Nikashuka nikatia miguu kwenye tope, nikamkamata kwapani, nikavuta. Ni mzee mzito, na miguu haikumsaidia chochote. Bunduki ikaanza kuteleza. Niliisikia inakwaruza siti. Nikavuta na kupiga mayowe, sijui nilikuwa namwita nani. Mguu ukachomoka ukaacha kiatu, tukaanguka wote wawili nyasini, yeye juu yangu.

Gari likasimama kidogo, kama linafikiri. Kisha likaenda na mbawala wetu, na koti langu, na bunduki. Likagonga chini mara nyingi kuliko nilivyotaka kusikia.

Baba alikuwa bado amelala juu ya kifua changu. "Mwambie mama yako," akasema, "mke mwenzake ametangulia."

Tulicheka. Tulicheka mpaka tukashikana, watu wazima tumepakaa tope, na nikadhani yamekwisha. Ndipo ile harufu ya garini ikanijia puani, na gari halikuwapo, wala turubai.

Nikajiinua nikatazama mguu ule usio na kiatu. Soksi ilikuwa imegandana na wayo, nyeusi. Nikaibandua taratibu, nikimtazama usoni kuona kama nitamuumiza. Alikuwa ananitazama na yeye, ametulia, mtu anayesubiri kumaliziwa kunyolewa. Pembeni palikuwa na lengelenge jipya la moto wa asubuhi. Na chini ya kidole gumba palikuwa na shimo. Lilikuwa shimo la siku nyingi, kingo zake zimeshakakamaa, na ndani yake kulikuwa na kichwa cha msumari. Alikuwa ameukanyagia mlima mzima. Labda aliukanyagia karakana, na bafuni, na sebuleni kwetu mbele ya macho yetu. Weusi ulishapanda mpaka kwenye kifundo.

"Kuna nini?" akauliza.

"Umejikwaruza."

Akainama akatazama mwenyewe. Halafu akanishika kichwa, vile alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo nikiamka na homa, akasema, "Usilie. Hapaumi."

Nikachana kitambaa changu cha kichwa nikamfunga. Mvua ilikuwa inarudi, wingu limeshafika kwenye kigongo. Nikachuchumaa, nikamwambia apande mgongoni. Akakataa, nikamfokea tena, akapanda. Nikaanza kuteremka kuelekea kwenye miti na kibanda cha askari, nikiteleza, nikishika nyasi, miguu yake ikining'inia huku na huku. Wenye kiatu na usio na kiatu, yote miwili ilikuwa inagonga kwenye kingo za njia, na yeye hana habari.

"Miguu inakokota?" akaniuliza sikioni.

"Haikokoti, baba."

"Umechoka."

"Sijachoka."

"Mwambie mama yako asiogope. Hapaumi kabisa, mama. Hata kidogo."

Alilirudia neno hilo njia nzima ili kunifariji, na kila aliposema niliongeza hatua. Nilikuwa naomba. Sikuomba mvua ikome, wala gari lipite. Nilipofika kwenye miti ya kwanza nikaichomoa ile shazia kwenye blauzi, nikapeleka mkono nyuma, nikamchoma juu kidogo ya kifundo, nikangoja. Nikamchoma juu zaidi, nikangoja. Baba alikuwa anaendelea kunisimulia juu ya yule nyati aliyemkosa. Nikapandisha mkono tena, kuelekea gotini, nikimwomba Mungu wangu paume.