Dizeli ya Chupa Namba Saba

Mimi sina subira, na mama alilisema hilo kabla sijaota meno. Ndiyo maana asubuhi ile maabarani sikukaa kujiuliza. Tunaimulika dizeli, nayo inarudisha mwanga wake, na kila mchanganyiko una mchoro wake. Mchoro wa chupa namba saba ulikwenda pembeni, vile unavyokwenda dizeli ikitiwa mafuta ya taa kuficha wizi. Nikaandika "imechakachuliwa", nikaituma ripoti kampuni ya malori.

Saa nne akapiga simu shemeji yangu, mume wa dada, dereva wa kampuni hiyo. Kumbe namba saba ilitoka kwenye tangi lake!

"Shemeji, haki ya Mungu sijachanganya kitu."

"Mashine haina shemeji wala binamu!" nikamfokea. "Unamtia dada yangu aibu. Wanasemaje?"

"Nikikiri kabla ya saa sita, nafukuzwa tu. Nikikataa, polisi."

"Basi kiri! Unangoja nini?"

Akakata simu.

Sikutulia. Nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, nikafuta meza mara tatu. Mwishowe nikachukua dizeli iliyobaki, nikaizimua mara moja tu kwa kiyeyusho, nikaipima upya. Mchoro ukalalia ule wa dizeli safi, hata unywele haupiti. Ndipo nikakumbuka! Asubuhi niliizimua, nikaitwa nje, nikarudi nimesahau, nikaizimua tena. Ikizidi wepesi, inajifanya ina mafuta ya taa. Hilo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua, mjinga mimi!

Nampigia, hapokei. Nikatoka mbio na koti la maabara mwilini hadi ofisi ya malori, nikamwekea meneja karatasi mpya mezani.

"Nilikosea mimi. Dizeli yake ni safi."

Meneja akasukuma karatasi nyingine mbele yangu. "Mbona mwenyewe amekiri? Huu mwandiko ni wake, si wangu."

Nikamkuta shemeji kibarazani, amepakata mfuko wenye mto na chupa ya chai alivyotoa kwenye lori.

"Kwa nini umesaini?" nikapiga kelele, machozi yananitoka. "Si uliniambia hukufanya?"

Wala hakukasirika. Alikuwa amechoka tu.

"Ulivyonifokea, nikasema huyu ndiye msomi wetu, hawezi kunifokea bure. Nikaanza kujitafuta. Labda siku ile niliacha kifuniko wazi, labda nilijaza kutoka pipa chafu. Nimejitafuta mpaka nimejiona mwizi." Akaniangalia usoni. "Hebu niambie, Shemeji. Nilifanya, au sikufanya?"