Samaki wa Kampeni ya Octave

Wewe unayenisikiliza, ukila samaki wa mtu, unamlipa nini? Usijibu haraka. Octave alijibu haraka, na ona yaliyompata.

Octave alikuwa mvuvi wa maporomoko, hapa hapa Kisangani, enzi Wabelgiji wakiuita mji Stanleyville. Mwaka wa hamsini na nane wanaume wakaambiwa wachague wenyewe washauri wa komini, yaani wa serikali ya mitaa yao, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kuonekana. Octave akajitokeza. Mpinzani wake alikuwa Hubert, chef wa quartier, mkuu wa mtaa, na huyo alikuwa na kila kitu kabla hata ya kuanza: kamyo ya serikali, kipaza sauti juu ya kamyo, bia ya kumwaga, na zaidi ya yote, saini yake. Bila saini ile hupati kiwanja Mangobo, mtaa ulio mbali na mto.

Octave alikuwa na samaki tu.

Basi kila asubuhi mitego ikipandishwa kutoka kwenye povu, wapiga kura waligawiwa samaki wanono. Mkewe, Pétronille, aliwapasua, akawatia chumvi na pilipili, akawafunga kwenye majani na kuwaweka juu ya makaa, makemba, zile ndizi za kupika, pembeni. Wanaume wakala mpaka wakalamba majani. Pétronille alipika kimya, na Lucie, mtoto wake aliyeanza kutembea, alikuwa amefungwa kiunoni kwa utepe wa kitenge, ncha ya pili kwenye nguzo ya jiko. Kaka yake Lucie, Timothée, alichukuliwa na maji akiwa na umri ule ule. Tangu siku ile Pétronille alitaka kitu kimoja: kiwanja Mangobo, mbali, mahali ambapo ukilala husikii maporomoko. Alikwenda kukiomba kwa Hubert bila mumewe kujua, kabla mambo ya kura hayajaja.

Siku moja kamyo ikasimama mbele ya jiko lake.

"Mama Lucie," Hubert akasema, "bwana yako amefungua restaurant?"

"Karibu ukule, chef."

"Nikikula, si nitamupigia kura?" Akacheka, kisha akateremsha sauti. "Ile parcelle uliniomba, jina yako iko ku meza yangu. Lakini bon, nitapatia namna gani muke ya mutu anataka kiti yangu? Ongea naye atoke."

Pétronille akageuza samaki.

Jioni alimuuliza mumewe tu, "Papa Lucie, uko na hakika watakuchagua?"

"Wamekula, mama. Samaki yetu, nani anakulaka bure?"

Hapo ndipo alipokosea. Kwetu sisi wa maporomoko, ukila samaki wa nyumba ya mtu wakati maji yamejaa, maji yakipungua unakuja kumsaidia kusimamisha miti inayoshikilia mitego kwenye maporomoko. Huitwi, unakuja. Octave akadhani desturi ile itawafuata watu mpaka kwenye sanduku la kura.

Siku ya kura wanawake walibaki nyumbani, maana haikuwa yao. Hubert alishinda bila jasho. Octave hakupata hata nusu ya kura za wale waliokula kwake, akaacha kusalimia watu njiani.

Maji yakapungua. Asubuhi moja wakaja wote, kamba za msituni mabegani, jirani yake Pierre akiwa mbele.

"Munataka nini?" Octave akauliza.

"Kusimamisha miti. Tulikula."

"Mulikula, mukamupa Hubert."

"Papa, samaki yako tunalipa na mikono. Lakini kura..." Pierre akajikuna shingo. "Bibi yangu anazaa, anazaa, na nyumba iko ya chumba moja. Wewe uko na saini?"

"Ningeipata kama mungenichagua."

"Ndiyo. Yeye alikuwa nayo tayari."

Wakaingia majini mpaka kifuani, wakaimba, wakanyanyua miti mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyetegea, na hilo lilimuuma Octave kuliko kushindwa kwenyewe.

Alirudi jikoni amelowa, akaketi karibu na moto.

"Hata Pierre," akasema. "Wewe angalau, kama wangekupa kura, ungenipa mimi."

Lucie alikuwa ameuvuta utepe mpaka mwisho, mikono yake ikielekea mtoni. Pétronille alimtazama, kisha akamtazama mumewe.

"Ningemupa Hubert."

Octave akamgeukia.

"Nilitaka parcelle ya Mangobo, Papa Lucie. Nilitaka mutoto yangu atembee bila kamba."