Pomadi ya Bilonda

...na shingo pia, anasema, usisahau shingo, Mama, kwa sababu taa zote zinakuja hapo, nami nachovya vidole viwili tena ndani ya kopo, pomadi imelainika kwa jua la saa nne, inanuka dawa ya hospitali na marashi, naanzia nyuma ya masikio nikishuka, mgongo wa binti yangu Mignonne, miaka kumi na tisa, niliupaka mawese alipougua surua na sasa naupaka hii, polepole, sawasawa, maana ukiruka mahali panabaki doa... leo juma la tatu, Kabamba alitupatia mwezi mmoja ngozi iwe nyeupe. Kabamba ni mkuu wa orkestra, alikuja mwenyewe kutafuta mwimbaji wa kushika mahali pa Bilonda, akakaa kwenye kiti cha mume wangu, akasema, "Mama, sauti iko, hata Bilonda hakumufikia, lakini ile rangi, Mama... lumière ya zile taa itamumeza, bantu ba nyuma bataona meno tu," akacheka, na mimi nikacheka, hilo ndilo linalonikera mpaka leo, nilicheka na nikamwongezea chai, ndipo akatoa kopo mfukoni, "Bilonda aliliacha nyuma ya jukwaa, lingali limejaa," kana kwamba Bilonda alilisahau, kana kwamba hakutolewa nyumbani kwao asubuhi na mapema na watu wa vitambaa vyekundu na fimbo, yeye na mama yake na godoro moja, waende kwao Kasai, kwao gani, babu yake ndiye aliyeletwa huku kuchimba shaba, yeye amezaliwa nyumba ya nne kutoka hapa... Wakasai wote waliofukuzwa wako stesheni, maelfu, wanalala kando ya reli wakingoja mabehewa, nilimwona Jumapili nikitoka misa, anasugua sufuria kwa majivu, weupe umeanza kumtoka, vifundo vya vidole vimerudi vyeusi, mashavu yana mabaka, hata yule hakuwa mweupe, tulikuwa tunasema wasichana wa Kasai huzaliwa hivyo, kumbe ni pomadi hii hii, sikumsalimu, nilijiambia nina haraka... "Mama, inachoma kidogo," vumilia, nasema, inachoma ikifanya kazi, na sauti yangu naijua, si yangu, ni ya yule msimamizi wa kikundi cha ngoma cha mgodi, wakati wa chama kimoja, kila kiwanda kilikuwa na watu wake wa kucheza na kukisifu chama, mimi nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari, naandika barua za ofisi asubuhi, jioni nafundisha hatua, wote walijifunza kwangu, lakini wageni walipotangazwa alitupanga upya, akaniita raia kama chama kilivyotaka, "Citoyenne, we unajua sana, ndiyo, lakini bageni banakuya, rudi nyuma, bale beupe bakuye mbele," nikarudi nyuma, yule aliyewekwa mahali pangu alikosea mguu mara mbili, wageni wakampigia makofi, mimi nikacheza vizuri kabisa nyuma ya migongo ya wenzangu, hakuna aliyeniona ila mpiga ngoma... sikulia, nilikuwa na mtoto tumboni na kazi ya kulinda, mtoto mwenyewe ndiye huyu, geuka kidogo, nasema, bega la kushoto... tunahitaji kula, ndivyo nilivyomweleza baba yake, tangu shimo la Mashamba, mgodi wake, linyamaze anakaa tu na redio isiyo na betri, akasema, fanya unavyoona, na mimi niliona hivi... "Mama Mignonne! Weye pia unaficha bilulu?" nani huyo, ni Kisimba, jirani, kwenye ua, kitambaa chekundu kichwani, fimbo mkononi, bilulu, wadudu, ndilo jina la Wakasai siku hizi, fimbo imekwisha inuliwa juu ya ua, anautazama mgongo wa mwanangu, na uso wake sijawahi kuuona, ni uso wa mtu nisiyemjua, kisha Mignonne anageuza kichwa, "Tata Kisimba, ni mi," na fimbo inashuka, na Kisimba anacheka mpaka anakohoa, "Ah, mutoto! Mi naona ile shingo, nasema, huyu njo mwana Kasai! Unakuwa muzuri sasa, muzuri kabisa, siku ya kuimba tutakuya bote kukuangalia," anakwenda zake, bado anacheka, anaelekea barabara ya stesheni, na Mignonne amefurahi, nauona mgongo ukinyooka, amesikia neno moja tu, muzuri... Kisimba alimshika siku ya ubatizo, ndiye baba yake wa kanisani, na fimbo ilikuwa juu, kama asingegeuka, kama angekuwa na usingizi, kama angekuwa anatoka baa peke yake mbele ya watu wasiojua kabatizwa wapi... wamemfukuza Bilonda lakini rangi yake wanaitaka ibaki ijipange mbele wakaipigie makofi, na mimi ndiye ninayeirudisha, kwa vidole hivi, si kwa ajili ya chakula peke yake, niseme ukweli basi, nilitaka wale wageni wamwone yeye mahali pangu, tangu juma la kwanza nilikuwa nampaka mtu mwingine, yule wa mstari wa nyuma, na huyu hapa ndiye anayeungua... "Mama, imetosha?" bado, tulia, nasema, na mkono unazunguka mgongoni kama mwanzo, ila haujagusa kopo tena, unasukuma jasho tu, hajui, nitampaka hivi kila asubuhi, mkono mtupu, mpaka mwezi uishe, Kabamba akinung'unika nitasema ngozi ya ukoo wetu ni ngumu, atamtafuta mwingine, na Mignonne atanichukia pengine mwaka mzima, na achukie, achukie akiwa hapa nyumbani... "Mama, inaanza kuonekana?" inaanza, namwambia, tulia.