Gamba Lenye Mwiba

"Huo si mwiba. Ni uchafu," Gervasi alisema kabla hata hajainamia hadubini.

Raudha alimchukia, na alikuwa amechoka kujifanya hamchukii. Wiki nzima walikuwa wamejifungia katika chumba cha nyuma ya duka la mjomba wake Halfani, hapa Katesh, wakichambua matope makavu waliyochimba kwenye shimo kando ya Ziwa Balangida. Walitafuta ostrakodi, viduduchu vya majini vya kale ambavyo miili yao ilioza ikaacha magamba, la kushoto na la kulia, madogo kuliko punje ya ulezi. Gervasi alikuwa na aina yake aliyokuwa akiitafiti, nyororo kama yai, na kila alichookota Raudha alikiita chake. Gamba hili moja likikubaliwa kuwa la aina nyingine, Raudha angepata utafiti wake mwenyewe. Likikataliwa, angebaki mwosha matope wa Gervasi. Mwalimu wao, Dokta Sulle, alikuwa njiani kutoka Mbulu kuja kuamua.

Simu ilikuwa imeshindwa kulipiga picha, basi Raudha akasoma maelezo yake kwa sauti, makusudi kabisa. "Gamba la kushoto. Umbo kama haragwe, mgongo umeinuka. Uso wote una vishimo kama sega la nyuki. Nyuma, upande wa chini, kuna mwiba mmoja. Ndani, alama nne za misuli, zimepangana wima. Aina haijatambuliwa."

"Haijatambuliwa na wewe. Sogea."

Gamba dogo hivyo huokotwa kwa brashi nyembamba iliyolowa. Raudha, kwa kuwa alikuwa amefunga, alichovya yake kwenye kizibo cha soda chenye maji. Gervasi alilamba yake, na hakukosa siku ya kukicheka kile kizibo. Akalamba, akaligeuza gamba chini ya lenzi, akaligeuza tena. Raudha akajua ameuona mwiba.

"Uchafu," akasema hata hivyo. "Nitausugua utoke."

Akalinyanyua gamba. Mkono, kwa mazoea tu, ukapeleka brashi ulimini, gamba likiwa bado limenata kwenye ncha. Akameza mate.

Wote wawili wakaikodolea macho brashi. Haikuwa na kitu.

"Tafadhali, dada Raudha," Gervasi akanong'ona. "Sema limepotea."

Leo ndiyo amekuwa dada! Mlango ukafunguliwa, Dokta Sulle akaingia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Gamba liko wapi?"

"Lilikuwa la aina yangu tu, mwalimu," Gervasi akawahi. "Kwa bahati mbaya, limepotea."

"Halijapotea," Raudha akasema. "Najua lilipo. Amelimeza."

Dokta Sulle hakucheka. Alichukua maelezo ya Raudha, akayasoma taratibu, kisha akamgeukia Gervasi. "Aina yako ni nyororo. Hili lilikuwa na vishimo?"

Gervasi akatazama sakafu. "Vilikuwepo."

"Na mwiba?"

"Na mwiba."

"Basi kesho mnarudi ziwani kutafuta lingine. Shimo ni la Raudha. Wewe utamwoshea matope."

Raudha akakisukuma kile kizibo cha maji mpaka mbele ya Gervasi.

"Chovya humu, kaka," akamwambia. "Kwenye shimo langu hakuna kula."